Laini Hii Ni ya Nani?

Kila wiki kuna kijana ananiuliza: "Kaka, ninunue laini gani, MTN ao Airtel?" Zamani nilikuwa namtajia bei ya bando, basi. Siku hizi namwambia akae kwanza, manake kwa siye wakimbizi wa Koboko na Arua swali hilo lina historia, na historia hiyo imeshatugharimu.

Tuanze na namba zenyewe. Ukiona namba ya Uganda inayoanza na 075, hiyo ni ya Celtel, kampuni ya kwanza ya simu za mkononi nchini, iliyoanza mwaka 1995. Mwaka 2008 ikaitwa Zain. Mwaka 2010 Airtel ya India ikainunua. Watu walibaki na namba ileile, vibanda ndivyo vilivyopakwa rangi mpya. 077 ni MTN ya Afrika Kusini, iliyoingia mwaka 1998. 071 ni UTL, iliyotoka kwenye simu za serikali. 070 ni Warid ya mwaka 2008. Wakubwa wanaikumbuka kwa Pakalast: unalipa mara moja, halafu unaongea mpaka muda uishe. Airtel iliimeza Warid mwaka 2013. Na 079 ilikuwa Orange ya Wafaransa, mwaka 2009. Mwaka 2014 ikawa Africell, na Oktoba 2021 Africell ikafunga kazi Uganda. Ukikuta 079 kwenye daftari la zamani, usijisumbue kupiga.

Kwa hiyo soko ambalo wakubwa wetu walilikuta na kampuni nyingi zikigombana kwa bei, siye tumelikuta limebaki karibu na mbili. Na kitu kingine: huku ukihama kampuni, namba haikufuati. Kwa mtu mwenye ndugu nchi tatu, kubadili kampuni ni sawa na kuhama nyumba bila kuaga.

Huku mpakani namba hazijawahi kuheshimu ramani. Kabla Sudan Kusini haijapata 211 yake mwaka 2011, namba za Gemtel za Juba zilianza na 256, namba ya Uganda. Mwaka 2006 Celtel iliunganisha Uganda, Kenya na Tanzania, mteja akapiga simu kama yuko kwao. Kongo haikuwa kwenye mpango ule wa kwanza. Ndiyo maana mfanyabiashara wa Ariwara au Aru ukimfungulia mfuko utakuta laini mbili: moja ya "yunite" za Kongo, moja ya "eatime" ya Uganda.

Laini ya pili ilipata uzito zaidi Machi 2009, MTN ilipoanzisha Mobile Money. Kenya walikuwa na M-Pesa tangu 2007. Kutoka hapo laini ikawa pochi pia. Na pochi lazima iwe na mwenyewe.

Hapo ndipo hadithi yetu inaingia. Tulifika Lobule mwaka 2013, miye nikiwa na miaka 13. Mama alitaka laini, lakini hakuwa na kitambulisho cha kumtosheleza muuzaji. Mama mmoja mwenye duka, Mganda, mtu mwema sana, akamsajilia kwa jina lake. Tuliitumia miaka mitatu. Baba mdogo alikuwa anachimba dhahabu kule Durba. Alikuwa anampa mfanyabiashara pesa, na yule akifika mpakani anatutumia kwa laini ya Uganda.

Aprili 2017 Tume ya Mawasiliano, UCC, ikatoa siku saba: kila laini ihakikishwe kwa kitambulisho, la sivyo ifungwe. Muda ulisogezwa, lakini haukutusaidia. Yule mama wa duka alikuwa ameshafariki. Nani angeenda na kitambulisho chake? Laini ikafa na shilingi 85,000 ndani. Pesa zilituuma, ila kilichotuuma zaidi ni kwamba baba mdogo alikuwa na namba ile moja tu. Alipiga miezi yote ile. Krismasi ya 2018 akatokea mlangoni, amekonda, akamshika mama bega na kusema: "Shemeji, nilishawalilia."

Hatukuwa peke yetu. Wengi wetu tulikuwa na ile karatasi ya familia tu, ile tunayoiita atesteshoni. Agosti 2019 ndipo UCC ilipokubali kwamba karatasi hiyo nayo inatosha kusajili laini. Mwaka ule mama alipata laini yenye jina lake kwa mara ya kwanza.

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Bando ya siku kwa kawaida inaonekana rahisi, lakini usiku ukipita zinazobaki zimepotea. Bando isiyoisha muda MB zake ni chache kwa pesa ileile, ila inakungoja. Anayepata kibarua kila siku anunue ya siku; anayeuza mbuzi mara moja kwa mwezi anunue isiyoisha. Ukihesabu, kumbuka kodi: Julai 2018 serikali iliweka shilingi 200 kwa siku kwa kutumia WhatsApp na Facebook. Julai 2021 ikaiondoa, ikaweka asilimia 12 juu ya data. Kuhusu netiweki, usisikilize tangazo. Azima simu ya jirani wa kila kampuni, simama mlangoni kwako, jaribu kupiga. Kampuni inayoshika vizuri mjini Arua huenda isishike nyuma ya kilima chenu.

Lakini kabla ya yote hayo uliza: laini hii itaandikwa jina la nani? Kama ni la rafiki, la bosi au la mwenye duka, hata awe malaika, bado hujanunua laini, umeazima. Chukua atesteshoni yako, nenda ukasajili jina lako. Halafu andika namba za ndugu kwenye daftari, na hakikisha nao wanazo zenu mbili. Mama yangu anazo mbili sasa, MTN na Airtel. Baba mdogo ameziandika kwa kalamu ndani ya kofia yake.