Utambuzi wa saratani za tezi za jasho

Saratani za tezi za jasho ni saratani adimu za ngozi zinazoanzia katika tezi hizo au katika vijifereji vinavyotoa jasho nje. Kwa macho hazina sura ya peke yake. Porokasinoma, ambayo hutokea sana miguuni na kichwani, hufanana na chunjua au kidonda sugu. Mara nyingine huzuka ndani ya poroma, uvimbe usio wa saratani uliotulia kwa miaka. Ukianza kuvuja damu, kuuma au kukua ghafla, upimwe.

Kipimo ni kukata kinyama na kukitazama kwa hadubini, lakini hadubini nayo hudanganyika ikipewa kinyama kisichotosha. Kasinoma ya adneksa ya vifuko vidogo, iliyoelezwa mwaka 1982 na Goldstein, Barr na Santa Cruz, ndiyo mfano wa wazi. Huota zaidi usoni, hasa kwenye mdomo wa juu, kama bapa gumu linalotanuka taratibu. Mgonjwa akisema pana ganzi au panamchonyota asipuuzwe, kwani saratani hii hupenda kufuata mishipa ya fahamu. Sehemu yake ya juu ina vifuko vya keratini. Chini kuna nyuzi nyembamba za seli zinazopenya hadi kwenye mafuta na misuli. Ngozi ikikwanguliwa juu juu, vinaonekana vifuko tu, na jibu hurudi kuwa ni siringoma, yaani vile vipele visivyo na madhara vinavyoota chini ya macho. Seli zenyewe ni za upole na hugawanyika kwa nadra. Kinachozifichua ni mahali zilipofika. Kwa hiyo kinyama kikatwe hadi kwenye mafuta.

Katika maabara, vialama vya protini vya CEA na EMA huonyesha vijifereji. Kazi ngumu zaidi ni kutofautisha saratani ya tezi za jasho na saratani ya titi iliyosambaa hadi kwenye ngozi: vialama vya p63 na podoplanini kwa kawaida hujitokeza katika saratani iliyoanzia kwenye ngozi, si katika ile iliyohamia. Hata hivyo matiti hupimwa, maana vialama hivyo navyo hukosea. Porokasinoma nyingi hubeba jeni ya YAP1 iliyoungana na MAML2 au NUTM1. Na kwa kuwa porokasinoma hupenda kusambaa kwenye tezi za limfu, daktari hupapasa pia mitoki ya kinena, kwapa na shingo.