Vitambuzi vya mng'ao na madhara ya dawa katika seli hai

Vitambuzi vya mng'ao ni molekuli zinazoingizwa katika seli hai ili ziwake zikikutana na molekuli kali za oksijeni, kama peroksidi ya hidrojeni. Dawa ikizizidisha molekuli hizo hadi seli ishindwe kuzizima, seli huingia katika msongo wa oksidisho. Kwa mji wenye malaria kama Uvira, jambo hili linagusa matibabu. Primakwini, dawa ya malaria, na dapsoni huleta msongo huo katika chembe nyekundu za damu, na kwa mtu aliyerithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, chembe hizo hupasuka. Mwaka 2008, Lapdap, dawa ya malaria yenye dapsoni, iliondolewa sokoni kwa sababu hiyo.

Kitambuzi kilichozoeleka zaidi ni DCFH-DA. Huingia bila mng'ao, vimeng'enya vya seli hukikata na kukizuia ndani, kisha kikioksidishwa hutoa kijani cha nanomita 520 hivi. Lakini kuongezeka kwa kijani hakuthibitishi peke yake kwamba dawa ina sumu. Kitambuzi hicho huoksidishwa pia kwa msaada wa chuma, saitokromu c, na hata mwanga wa hadubini. Tena, dawa nyingine hung'aa zenyewe. Kwinini, ambayo kampuni ya Pharmakina ya Bukavu imeitengeneza kwa magome ya mikwinini ya Kivu, hutoa buluu ya nanomita 450 hivi ikimulikwa kwa urujuanimno. Mwanasayansi George Stokes aliichunguza mwaka 1852 alipoeleza mng'ao. Doksorubisini, dawa ya saratani, hung'aa nyekundu. Mtafiti asipojihadhari, atapima dawa akidhani amepima madhara yake.

Wapo watakaosema vitambuzi vya kemikali kama DCFH-DA viachwe, vitumike vya protini kama HyPer, iliyotangazwa mwaka 2006, ambayo huitikia hasa peroksidi ya hidrojeni. Hoja hiyo ina uzito, ila HyPer huhitaji seli isome jeni lake, na chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini cha kulisomea. Kwa hiyo, hapo hasa panapoumia mgonjwa, vitambuzi vya kemikali bado vinahitajika. Kinachotakiwa ni ulinganisho: seli zenye dawa bila kitambuzi, zenye kitambuzi bila dawa, na zilizopewa kizuia oksidisho. Mng'ao usiopitia ulinganisho huo hautoshi kuihukumu dawa, wala kuitakasa.