Hii Kweli ni ya Mjerumani?

Huku kwetu Ufipa kila bunduki yenye kutu ina baba mmoja tu: Mjerumani. Iwe imetolewa darini Laela, Kasanga au hapa hapa Katandala, utaambiwa ni ya vita ya kwanza, Mjerumani aliiacha alipokwenda kusalimu amri. Na wapo jamaa wanaopita vijijini wakiulizia "mali ya Mjerumani", mara sarafu, mara ramani ya hazina, mara bunduki. Mzee anaahidiwa mamilioni, kijana anakodi pikipiki kupeleka mzigo, na mwisho wa safari ni mahabusu. Kwa hiyo kuitambua bunduki ya zamani si jambo la mchezo. Mimi si fundi wa silaha, ni mtu wa kalamu, lakini historia yenyewe inatusaidia sana, maana vita ile iliishia mlangoni kwetu.

Tuanzie huko mwisho. Tarehe 25 Novemba 1918 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Zambia. Ulaya vita ilikuwa imekwisha siku 14 nyuma. Alikuwa na Wajerumani 155, askari Waafrika 1,168, na umati wa wapagazi na wanawake. Katika kumbukumbu zake aliandika alichokabidhi: mzinga 1 wa Kireno, bunduki za rashasha 37, bunduki za kawaida 1,071 na risasi 208,000. Sasa sikiliza vizuri. Bunduki zile 1,071 zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Bunduki ya kisasa ya Kijerumani haikuwepo hata moja!

Basi mtu akikuletea Mauser ya Kijerumani na kukuapia kwamba babu yake aliipata siku ile ya Abercorn, bunduki inaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini hadithi yake ina walakini. Na akikuletea ya Kiingereza, usimcheke. Huenda huyo ndiye mwenye bunduki ya askari wa Mjerumani.

Ilikuwaje? Vita ilipoanza mwaka 1914, kombania nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa bado na bunduki ya mfano wa 1871. Hiyo ni bunduki ya risasi moja moja, tundu la mtutu lina milimita 11, na baruti yake inatoa moshi mweupe. Ukipiga mara moja tu adui ameshajua ulipo. Ni kombania chache zilizokuwa na Mauser ya 98, ya risasi tano, isiyotoa moshi mwingi. Vita ya Tanga, Novemba 1914, iliwapa Wajerumani bunduki za kisasa za kutosha kombania zaidi ya tatu, mali ya Waingereza waliokimbilia melini. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyopeperusha bendera ya uongo ya Denmark, ilishambuliwa na Waingereza katika ghuba ya Manza karibu na Tanga. Shehena iliokolewa, na ndani yake zilikuwemo Mauser za 98, ila risasi ziliingia maji ya chumvi. Ilibidi zifunguliwe, zikaushwe na kufungwa upya, na bado nyingine zilikataa kulia.

Hapo ndipo ilipo siri ya jambo lote. Bunduki bila risasi zake ni rungu. Risasi za Kijerumani zilipokwisha, Mauser zilikuwa mzigo. Tarehe 25 Novemba 1917, mwaka mmoja kamili kabla ya Abercorn, Lettow alivuka Ruvuma na kuwapiga Wareno pale Ngomano. Akachukua bunduki na risasi zao, na silaha za zamani zikatupwa. Mwaka 1918 kule Namakura, Msumbiji, wakapata nyingine tena. Askari wale walipofika Abercorn walikuwa na silaha za maadui wao.

Sasa tuje kwenye kuikagua. Kabla ya yote, ihesabu kuwa ina risasi ndani hata kama inaonekana maiti, wala usimwelekezee mtu mtutu. Kuifungua mwachie mwenye ujuzi. Wewe soma maandishi.

Mauser ya 98 ina jina la kiwanda na mwaka juu ya chuma pale mtutu unapoanzia, na ubavuni maandishi ya "Gew. 98" kwa herufi zile za Kijerumani zenye madoido. Nyingine zina herufi K.S., yaani jeshi la kikoloni la Kaisari. Ile ya 1871 utaijua kwa tundu: karibu ncha ya kidole kidogo iingie, na haina kasha la risasi. Ya Kiingereza, Lee-Enfield fupi, ina pua bapa kama ya ng'ombe, kasha la risasi kumi limetokeza chini, na karibu na bolti pana taji, herufi za mfalme (GR kwa George, ER kwa Edward) na mwaka.

Mtego mkubwa ni ya Kireno. Bunduki ya Kireno ya mwaka 1904, iitwayo Mauser-Vergueiro, ilitengenezwa na kiwanda cha DWM mjini Berlin. Kwa hiyo ina maandishi ya Berlin, na muuzaji atakuonyesha kwa furaha: "Si unaona, Berlin hiyo!" Kumbe juu yake pana taji na alama ya mfalme Carlos wa Ureno. Mimi nikipata hiyo huku Rukwa ndiyo ingenikosesha usingizi, kwa sababu inawezekana imepita Ngomano.

Halafu tazama namba. Mjerumani alipiga namba kwenye mtutu, bolti, na tarakimu mbili za mwisho hata kwenye skrubu ndogo. Zikilingana zote, watozi wa Ulaya hushangilia. Zisipolingana hupunguza bei. Kwa bunduki ya vita ya Afrika Mashariki sikubaliani nao sana. Miaka minne porini, fundi wa kombania alichukua bolti ya hii akaitia ile, mtu asife. Inayotia shaka ni ile iliyolingana mno huku chuma chake kimetobolewa na kutu. Angalia herufi kwa karibu: kama ni kali na safi juu ya chuma kilicholiwa, zimepigwa baada ya kutu, yaani juzi.

Hali yake nayo ina ushahidi. Inasimuliwa Mbala kwamba silaha zilizosalimishwa zilitupwa ziwa Chila. Haya, mtu akisema yake imetoka ziwani, mbao mbona kavu na kingo zake zimesimama? Na kitako kikiwa cha mti wa kwetu, kimefungwa ukanda wa chuma uliofuliwa kwa mkono, usikidharau. Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuru marefu kuliko mtu kabla Mzungu hajafika. Mkono wa fundi wa kijijini ni sehemu ya maisha ya bunduki hiyo. Anayeiharibu ni yule anayeisugua msasa na kuipaka rangi nyeusi ya baiskeli ili "ing'ae". Anafuta mihuri ambayo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa.

Watu nao waliwahi kukaguliwa hivyo hivyo. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wale wazee malimbikizo yao. Wengi hawakuwa na karatasi yoyote. Inasimuliwa kwamba mhasibu kule Mwanza alimpa kila mzee ufagio, akatoa amri za kijeshi kwa Kijerumani, na wazee wakautwaa ufagio begani bila kukosea.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haimjui babu yako. Kumiliki silaha bila leseni ni kosa, na kutu haigeuki leseni. Jeshi la Polisi limewahi kutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na silaha zilizokusanywa zimewahi kuteketezwa. Gobore la jana na bunduki ya Ngomano moto haubagui. Kwa hiyo, kabla ya kuipeleka, nakili kila herufi na kila namba kwenye daftari, chora taji kama lilivyo, kisha muulize mzee jina la askari aliyeibeba, kombania yake, na alirudi kwa njia gani, Kasanga au Tabora. Siku ya kuikabidhi, omba kwa maandishi watu wa makumbusho waitwe waione kwanza.