Shujaa wa Kano, Shujaa wa Dublin, na Wanawake Waliowekwa Kando

Katika uwanda wa Kano, mashariki ya Kisumu, lipo jiwe ambalo Wajaluo husimulia kuwa ndilo mwili wa Lwanda Magere, shujaa wao wa ngano. Katika Posta Kuu ya Dublin, Ireland, ipo sanamu ya shaba ya Cú Chulainn, shujaa wa ngano aliyejifunga kwenye nguzo ya jiwe ili afe akiwa wima. Hakuna kati yao aliyeshindwa kwa nguvu za adui. Mikuki ya Wanandi, adui wa Wajaluo katika kisa hiki, ilidunda mwilini mwa Lwanda hadi alipougua, akamwambia mkewe wa Kinandi achanje kivuli badala ya ngozi. Wembe ukagusa kivuli, damu ikatoka; mke akawapelekea Wanandi siri hiyo, nao wakakichoma kivuli, Lwanda akafa. Cú Chulainn naye alikuwa na miiko: asile nyama ya mbwa, wala asikatae chakula alichokaribishwa. Vikongwe watatu wakamkaribisha nyama ya mbwa. Akala, nguvu zikamtoka.

Hata hivyo, vifo hivyo vimetumikia mambo tofauti. Patrick Pearse, mwalimu na mshairi, alifungua shule ya St Enda's mwaka 1908, akawalea wanafunzi wake kwa visa vya Cú Chulainn. Tarehe 24 Aprili 1916 alisoma tangazo la jamhuri mbele ya Posta hiyo hiyo, uasi dhidi ya utawala wa Uingereza ukaanza. Siku tano baadaye alisalimu amri, na alfajiri ya 3 Mei akapigwa risasi katika gereza la Kilmainham, akiwa na miaka 36. Waingereza waliinyima familia maiti yake ili kaburi lisigeuke mahali pa hija. Haikufaa kitu: mwaka 1935 sanamu ya Cú Chulainn iliwekwa Posta kuwa kumbukumbu ya waasi wa 1916. Kufa kwa hiari kulikuwa kumeshakuwa wito wa taifa.

Lwanda hakuchagua kufa. Kisa chake ni onyo: tunza siri, sikia la mkuu. Wasimuliaji wengi huongeza onyo la tatu, kwamba mke wa kuja haaminiki. Hilo nalikataa. Msichana huyo alitumwa peke yake katika boma la adui, akalala karibu na mtu aliyewaua ndugu zake, akatoroka usiku na siri iliyowaokoa watu wake. Kwa kipimo tunachompimia Pearse, yeye ndiye mpigania taifa wa kisa hiki.

Ireland nayo ilimweka kando shujaa wake wa kike vivyo hivyo. Muuguzi Elizabeth O'Farrell ndiye aliyebeba bendera nyeupe kupeleka habari za kusalimu amri, akahatarisha maisha yake barabarani. Katika picha ya Pearse akimkabili Jenerali Lowe wa jeshi la Uingereza, O'Farrell amefichwa nyuma yake, miguu tu ndiyo inayoonekana, na baadhi ya machapisho yakaifuta hata hiyo.

Kano na Nandi bado ni majirani, na mapigano ya kikabila yaliyoanzia shamba la Meteitei, mpakani mwao, mwaka 1991 yalionyesha jinsi shuku inavyoua. Mwalimu anayemfundisha Lwanda Magere huko Ahero au Muhoroni amsimulie pia yule msichana kama anavyostahili: binti jasiri wa watu wake. Mtoto atakayewaheshimu wote wawili hatarithi chuki pamoja na ngano.