Kabati la zana la magurudumu

Kabati la zana la magurudumu ni kabati, aghalabu la chuma, lenye droo za kutenga zana kwa aina, kufuli, na magurudumu manne ya kulisogeza. Makala hii inahusu namna ya kulichagua kwa karakana za nyumbani za Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, Kenya. Katika gereji kubwa kabati hukaa mahali pamoja. Katika mitaa hii miwili, makanika, seremala au fundi wa kuchomelea mara nyingi hufanyia kazi uani au mbele ya kibanda mchana, kisha jioni huingiza kila kitu ndani. Kabati hupita mlangoni asubuhi na jioni, na ndiyo sababu upana wa mlango, hali ya sakafu na uimara wa kufuli hutangulia idadi ya droo.

Asili

Makabati ya droo za zana yalikua pamoja na viwanda vya Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Kampuni ya H. Gerstner & Sons ya Dayton, Ohio, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilitengeneza makasha ya mbao ya mafundi mitambo. Snap-on, iliyoanzishwa Milwaukee mwaka 1920 kwa kuuza spana za soketi, baadaye ikawa miongoni mwa majina makubwa ya makabati ya makanika.

Nairobi nayo ina ufundi wa karibu na huo. Mafundi wa Kamukunji, jirani na soko la Gikomba, ni maarufu kwa masanduku ya chuma ya wanafunzi wa shule za bweni, ambayo hukunjwa kwa nyundo na kutiwa bawaba, vishikio na pete ya kufuli. Sekta yao isiyo rasmi, jua kali, ilivuta macho ya ulimwengu kupitia ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya, na serikali ikaitungia sera katika Waraka Na. 2 wa 1992. Fundi anayeweza kuunda sanduku la mwanafunzi anaweza pia kuunda bweta la kabati. Kinachomwongezea kazi ni droo.

Mazingira ya karakana

Chumba cha kawaida cha Kibera kina futi 12 kwa 12, yaani takriban mita 3.65 kila upande, na mara nyingi ndicho pia makao ya familia. Kuta ni za udongo au mabati, na sakafu ya saruji, ikiwapo, huwa na mabonde na nyufa. Nje kuna vichochoro vya udongo na mitaro ya wazi.

Kibera ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama makao ya askari Wanubi wa King's African Rifles, na suala la umiliki wa ardhi limebaki na utata tangu wakati huo. Julai 2018 majengo mengi yalibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na ile ya Lang'ata. Kwa fundi aliyepanga, anayeweza kulazimika kuhama, kabati la vipande viwili, sanduku la juu na bweta la chini, lina faida kwa kuwa watu wawili huweza kulibeba na kuhama nalo.

Kawangware iko upande wa magharibi wa jiji, na vibanda vingi vya mafundi vimepangana kando ya Barabara ya Naivasha. Katika ploti zake, safu za vyumba hutazamana na uani wa pamoja. Saruji ya uani hurahisisha kusukuma kabati, lakini uani ni njia ya wapangaji wote, na kabati haliwezi kuachwa hapo.

Vipimo

Kipimo cha kwanza ni cha mlango, kati ya fremu na fremu, huku ubao wa mlango ukiwa umefunguliwa wote. Kabati liwe jembamba kuliko uwazi huo kwa sentimita 5 au zaidi, likihesabiwa pamoja na kishikio cha kusukumia. Ikiwa kuna kizingiti, hupimwa kimo chake na kuwekewa mteremko mfupi wa mbao au bati.

Kabati la upana wa sentimita 66 na kina cha sentimita 45 hula takriban mita mraba 0.3. Nafasi ya kweli ni zaidi ya hapo: droo ikivutwa hadi mwisho huongeza karibu sentimita 40, na mtu anahitaji mahali pa kusimama. Kimo cha sentimita 85 hadi 95 humwezesha fundi kuutumia uso wa juu kama meza ya kazi nyepesi.

Bati na droo

Unene wa bati huhesabiwa kwa geji, na namba ikipanda unene hupungua. Geji 18, takriban milimita 1.2, hufaa bweta la kabati. Geji 16 ni imara zaidi lakini nzito. Geji 22 hujikunja droo ikijazwa spana. Bati la geji 30 la kuezekea paa halifai kabisa. Mita mraba moja ya chuma cha milimita 1.2 ina uzito wa takriban kilo 9.4, hivyo kabati la droo tano la ukubwa uliotajwa hufika karibu kilo 45 likiwa tupu.

Droo za reli zenye gololi hubeba mzigo kwa wepesi, lakini vumbi la randa na chembe za grainda huzikwamisha zisiposafishwa. Reli ya bati juu ya bati, iliyopakwa grisi, ni nzito kuvuta ila fundi yeyote anaweza kuirekebisha. Droo fupi za juu huwekwa bisibisi, spana na biti. Droo ndefu za chini huwekwa nyundo, jiriwa ndogo, drili na grainda. Uzito ukikaa juu, au droo kadhaa zikifunguliwa pamoja, kabati huweza kupinduka.

Magurudumu

Magurudumu mawili huwa hayageuki, na mawili ya upande wa kishikio hugeuka na kuwa na breki. Uwezo wa kila gurudumu hupatikana kwa kugawa uzito wote kwa tatu badala ya nne, kwa sababu sakafu yenye mabonde huliacha gurudumu moja likining'inia. Kabati lenye zana, la kilo 150 kwa jumla, linahitaji magurudumu ya kubeba angalau kilo 50 kila moja.

Magurudumu ya inchi 2 hukwamishwa na msumari au kokoto. Ya inchi 5 huvuka nyufa na vizingiti vidogo. Ya mpira hayapigi kelele kama ya plastiki ngumu, jambo la maana penye majirani wa ukuta mmoja. Hata hivyo hakuna gurudumu la kabati linalomudu kichochoro cha udongo wakati wa mvua za Machi hadi Mei au Oktoba hadi Desemba. Kwa safari hiyo hutumika mkokoteni, na vishikio viwili imara vya pembeni mwa kabati ni vya lazima.

Ulinzi

Kufuli ndogo za kiwandani hufunga droo dhidi ya watoto, si dhidi ya mwizi. Njia ya kawaida ya kuziimarisha ni flatibaa (ukanda bapa wa chuma) moja ya wima inayopita mbele ya droo zote na kufungwa kwa kufuli kubwa. Kwa kuwa magurudumu humrahisishia kazi hata mwizi, kabati hufungwa kwa mnyororo kwenye nondo iliyozikwa katika zege ya sakafu. Ukuta wa udongo au bati huweza kutobolewa, kwa hiyo mgongo wa kabati uchomelewe, usifungwe kwa skrubu. Zana hutiwa alama ya mwenyewe kwa rangi au kwa kuchongwa.

Kununua au kuagiza

Makabati na zana za kiwandani hutafutwa katika maduka ya Industrial Area na katikati ya jiji. Kabati la kuagiza huundwa na fundi wa kuchomelea mtaani, au mafundi wa Kamukunji na Kariobangi Light Industries, kwa fremu ya anglaini (chuma cha pembe) na vipimo vya mlango wa mteja. La kiwandani huwa na droo laini na rangi iliyookwa. La kuagiza huwa na mgongo na komeo imara, na hurekebishwa palepale. Kabla ya kulipia, droo zote hujazwa uzito na kufunguliwa moja moja, kisha kabati husukumwa juu ya sakafu mbovu.

Fundi mwenye zana chache hahitaji kabati. Sanduku la chuma lenye kufuli, au ndoo ya rangi ya lita 20 kwa kazi za kwenda kwa wateja, humtosha mpaka zana zizidi kile anachoweza kubeba kwa mikono miwili.

Matunzo

Kutu huanzia chini, maji yanapoingia chumbani, na kwenye maungio yasiyopakwa rangi. Sehemu hizo husuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya mvua. Magurudumu huondolewa nyuzi na chembe za chuma na kutiwa grisi, na nati zake hukazwa mara kwa mara, kwa kuwa mtikisiko wa kila siku huzilegeza.