Jinsi Sotoka Ilivyoshindwa

Zamani mchungaji aliyeona ng'ombe wake wakitokwa machozi na kuharisha, na vinywa vyao vimejaa vidonda, alijua kuwa sotoka imeingia zizini. Katika miaka ya 1890 maradhi hayo yaliwaangamiza ng'ombe wa Wamasai, hata watu wengi wakafa kwa njaa.

Mwaka 1897, huko Kimberley, Afrika ya Kusini, Robert Koch aliwadunga ng'ombe wazima nyongo ya waliokufa ili wapate kinga. Lakini pengine nyongo yenyewe ilileta ugonjwa. Baadaye Walter Plowright na wenzake wa Muguga, Kenya, waliotangaza kazi yao mwaka 1962, walivikuza virusi vya sotoka katika chembe hai za figo za ndama. Wakavihamisha mara nyingi, hata vikapoteza ukali wake. Visimdhuru mnyama, bali viufundishe mwili wake kujilinda.

Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa sotoka imetoweka duniani. Wataalamu walitengeneza chanjo, na wachungaji wakaleta makundi yao. Maana chanjo iliyo chupani haimkingi ng'ombe aliyefichwa porini.