Gurudumu linapolia: kutoka reli ya Likasi hadi gereji za Kikula

Likasi – Wiki hii mama mmoja aliyefika Kikula na watoto wake alitusimulia jinsi walivyolala njiani usiku kucha kwa sababu gurudumu la mbele la basi lao dogo lilichomoka. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Gurudumu hilo, alisema, lilikuwa linalia tangu asubuhi. Abiria wakamwambia dereva, naye akaongeza sauti ya muziki.

Kilicholia ni beringi, ile ambayo mafundi wetu huiita kwa Kifaransa roulement. Ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na katikati yake gololi au roli ndogo zinazozunguka ndani ya grisi. Uzito wote wa motokari, watu na mizigo unakaa juu ya vipande hivyo vidogo. Kabla ya motokari kujaa hapa, watu wa mji huu walikuwa wamekwisha kujifunza kusikiliza magurudumu, na walimu wao walikuwa watu wa reli.

Reli ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikaingia Kambove 1913, na Bukama kwenye mto Lualaba 1918. Hata jina la Jadotville, ambalo mji wetu ulibeba wakati wa ukoloni, lilitokana na Jean Jadot, injinia aliyekuwa amejenga reli kule China kabla ya kushughulika na Katanga. Mabehewa ya wakati ule hayakuwa na gololi. Ekseli ilizunguka chini ya kipande cha shaba nyeusi kilichopakwa madini laini, ndani ya sanduku lenye nyuzi zilizolowa mafuta. Nyuzi zikikauka, sanduku linapata moto, linatoa moshi, na mwishowe ekseli inaweza kukatika. Kwa hiyo treni iliposimama, mtu wa reli alipita behewa kwa behewa akigusa masanduku kwa mkono na kunusa. Mafuta yaliyoungua yana harufu yake.

Gololi zenyewe ni wazo la zamani kidogo. Mwaka 1794 Philip Vaughan wa Wales alipata hati ya kuziweka kwenye ekseli ya gari la farasi. Mwaka 1869 James Moore alishinda mbio za baiskeli kutoka Paris hadi Rouen akiwa na gololi kwenye magurudumu. Mwaka 1883 Friedrich Fischer wa Schweinfurt, Ujerumani, akatengeneza mashini ya kusaga gololi zote ziwe sawasawa, na mwaka 1898 Henry Timken wa Marekani akapata hati ya roli zilizochongoka upande mmoja. Hizo roli za Timken ndizo zinazokaa mpaka leo kwenye magurudumu ya mbele ya Hiace nyingi za zamani. Mwaka 1943 ndege za Marekani zilipiga viwanda vya Schweinfurt mara mbili, Agosti na Oktoba, kwa sababu bila beringi vifaru na ndege za Ujerumani visingetembea. Wakati wa vita hiyohiyo, madini ya Shinkolobwe, hapa jirani yetu, yalikuwa yanasafirishwa kwenda Marekani kutengeneza bomu la atomu. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Ufundi huu ulikaa katika karakana za reli na za Union Minière, baadaye Gécamines, kama zile za Panda. Wengi wa wafanyakazi, au wazazi wao, walitoka Kasai. Kuanzia Agosti 1992 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa manyumbani hapa Likasi. Maelfu kwa maelfu walikaa kituoni na mashuleni kwa miezi, wakingoja treni ya kwenda Mwene-Ditu na Kananga. Wengine walikufa kwa magonjwa palepale, kabla hata ya kupanda. Mji ulipoteza majirani, na pamoja nao ukapoteza mikono iliyojua kazi.

Fundi niliyemtembelea Kikula alikuwa kijana siku zile. Baba yake alifanya kazi karakana. Waliondoka na treni, naye akarudi peke yake baada ya miaka mingi.

"Papa, unajuaje kama ni beringi na si mpira wa gurudumu?" nilimuuliza.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa redio, sikiliza. Mpira uliochakaa unabadilisha sauti kufuatana na barabara. Beringi inavuma vilevile hata kwenye lami nzuri, na sauti inapanda kadiri unavyokimbia. Sasa kata kona kuelekea kuume. Uzito unahamia kushoto. Sauti ikizidi, mgonjwa yuko kushoto."

Kisha aliinua motokari kwa kriki, akaiegemeza juu ya gogo imara, akashika gurudumu juu na chini na kulitikisa. Likicheza, shaka inapungua. Akalizungusha huku kiganja kikiwa kwenye springi: beringi mbovu unaisikia mkononi kama mchanga. Nikamkumbuka yule mtu wa reli na masanduku yake.

Kubadilisha kwa Hiace kunahitaji subira kuliko nguvu. Breki inafunguliwa na kuning'inizwa kwa waya, isibebwe na mpira wake wa mafuta. Pini inatolewa, nati, beringi ya nje, halafu kitovu chote. Wengi hukosea hapa: wanaweka roli mpya ndani ya pete ya zamani. Pete lazima zitolewe zote, mpya zigongwe taratibu kwa kipande cha shaba, pande zote sawasawa. Grisi inasukumwa kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili wa roli. Mpira wa kuzuia grisi uwe mpya. Nati inakazwa huku gurudumu likizungushwa, inalegezwa, inakazwa tena kidogo tu, halafu pini mpya. Ukikaza sana, beringi itaungua kabla ya Lubumbashi, na ni kilomita 120 tu.

Ninyi mnaopanda magari yaliyojaa magunia na godoro juu, mna haki ya kumwambia dereva azime muziki. Mwombeni asimame, aguse vitovu vya magurudumu kwa uangalifu. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, shukeni kwanza.

Basi la yule mama lilitengenezwa siku ya tatu. Yeye hakulingoja. Alikuja na pikipiki, watoto wawili mbele, mmoja mgongoni.